Kahawa si badala ya usingizi kwa dereva

Mhariri,

Nimekuwa utingo wa lori miaka 6, Dar es Salaam hadi Tunduma. Usiku mmoja dereva wangu, baada ya kahawa chungu na makopo mawili ya kinywaji cha kuongeza nguvu, alisinzia macho wazi karibu na Mikumi. Kokoto za pembeni ndizo zilizotuamsha (mimi nami nilishapitiwa).

Kafeini, kichangamshi kilichomo kwenye kahawa na vinywaji hivyo, huuficha usingizi tu. Huziba milango ya adenosini, kemikali inayorundikana ubongoni tunapokesha. Kafeini ikiisha nguvu, deni lote hudaiwa kwa mkupuo. Tena baada ya saa 5 hivi nusu yake bado imo mwilini, hata ukipata pa kujinyoosha usingizi mzuri hauji.

Wenye malori, wekeni madereva wawili, au gari lilale.

Utingo, Mbagala