Watoto wa maandalizi warudishiwe asubuhi yao

Mheshimiwa Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nizungumzie jambo ambalo huenda wengi wakaliona dogo, kwa kuwa linawahusu watoto wa miaka minne na mitano, ambao hawahudhurii vikao wala hawana wa kuwasemea humo. Katika skuli moja ya msingi ya Serikali huku kwetu Magharibi B, Unguja, tangu muhula huu uanze, madarasa ya maandalizi, yaani yale ya kabla ya darasa la kwanza, yamehamishiwa mkondo wa mchana. Sababu tuliyopewa ni uhaba wa vyumba, na uhaba huo ni wa kweli. Ninachokipinga ni kumchagua aliye mdogo kuliko wote awe ndiye wa kuubeba.

Nimesomesha skuli za msingi kwa miaka 32, na sasa nimestaafu. Kazi iliyonibakia ni kumpeleka mjukuu wangu na kumrudisha. Mtoto huyu, kama walivyo wenzake wengi, asubuhi yuko chuoni, yaani madrasa ya Kurani. Saa tano hurudi, akakoshwa, akalishwa, akavalishwa sare, na saa sita na nusu tunakuwa njiani, jua likiwa utosini na mchanga wa barabara ukiunguza hata kupita makubadhi. Wiki mbili zilizopita nilichungulia dirishani mwa darasa lao saa nane na robo. Nilihesabu watoto kumi na wanane waliolala, baadhi yao wamelaza vichwa juu ya madawati, wengine wameteremka sakafuni kwenye ubaridi wa saruji. Mwalimu wao alikuwa amekamata kopo la vifuniko vya soda, akihesabu na wale waliobaki macho, kwa sauti ya chini ili asiwaamshe waliolala. Sikumlaumu hata kidogo, maana aliyekaa na watoto wadogo anajua kwamba ukimwamsha mtoto katika usingizi wa mchana, saa nzima itakayofuata ni ya kumbembeleza.

Mkondo wa mchana wenyewe ni mfupi. Ukitoa muda wa usingizi, muda wa kwenda chooni na muda wa kuwapanga kuondoka, sijui mtoto amebakiwa na kitu gani cha kuitwa somo.

Wapo watakaouliza kwani hasara iko wapi, ikiwa sisi wazee tuliingia darasa la kwanza bila kupita maandalizi yoyote na bado tukasoma. Ni kweli. Maandalizi yangu mimi yalikuwa ni chuo, juu ya mkeka, kwa sauti ya pamoja. Lakini sisi tuliingia darasa la kwanza tukiwa wakubwa zaidi, na mbele yetu palikuwa na miaka saba ya msingi. Sera ya Elimu ya Zanzibar ya mwaka 2006 iliubadilisha mpangilio huo: elimu ya msingi ikawa miaka sita, mtoto akatakiwa aianze akiwa na umri wa miaka sita, na miaka miwili ya maandalizi ikaingizwa ndani ya elimu ya lazima. Yaani mwaka uliokatwa mwishoni ulifidiwa mwanzoni. Hesabu hiyo inakubalika endapo maandalizi yanasomeshwa kweli. Ikiwa watoto wanalala, basi tumewapunguzia mwaka mmoja huku na hatukuwapa kitu kule, kisha tutakuja kushangaa katika darasa la tatu kwa nini mtoto anaujua ukurasa kwa kuukariri lakini ukimuonesha neno moja peke yake halitambui. Nimewasomesha watoto wa namna hiyo. Kumrudisha nyuma mtoto wa darasa la tatu ukamfunze sauti za herufi ni kazi ngumu, zaidi kwa sababu mwenyewe ameshajua kuona haya.

Wala si kwamba visiwa hivi havina uzoefu wa jambo hili. Mpango wa maandalizi katika madrasa, unaosaidiwa na Mfuko wa Aga Khan, ulianza hapa mwaka 1990, baada ya kutangulia Mombasa, na walimu wake walifunzwa kutumia vitu vilivyo mkononi: vifuu, makombe ya pwani, vitambaa vya kanga, kete za bao. Baadaye vikaja vituo vya Tucheze Tujifunze, ambavyo wengi tunaviita TUTU, vilivyowafikia watoto wa shehia zisizo na nafasi skulini, mwalimu akiwa mtu wa hapohapo kijijini na somo likifuatwa katika redio. Nilipata kukaa na kundi moja chini ya mwembe, redio imewekwa juu ya kiti kama mgeni rasmi, na watoto wakiijibu kila ilipouliza. Hawakuwa na jengo, lakini walikuwa na asubuhi, kivuli na matumbo yaliyokwisha kunywa chai. Inasikitisha kwamba watoto wenye jengo la Serikali wamekosa kile walichokuwa nacho wale wa chini ya mwembe.

Hapa niseme neno na wazazi wenzangu pia. Uamuzi huu ulipotangazwa mkutanoni, waliolalamika tulikuwa watu watatu, na mama mmoja alisema wazi kuwa kwake ni mamoja, kwa sababu "kule wanacheza tu". Huo ndio mzizi wa tatizo, kwani jambo tunaloliona ni mchezo hatuligombanii. Mtoto anayepanga vifuniko vitano vyekundu na vitano vya buluu, akaondoa viwili, akavitafuta vilivyobaki, anafanya kutoa kabla hajaijua alama yake. Mzazi huyohuyo yuko tayari kulipa ada ya kila mwezi katika skuli ya binafsi ili mwanawe arudi akihesabu kwa Kiingereza hadi ishirini, ingawa ukimwekea maembe saba mbele yake hajui ni mangapi.

Tukirudi kwenye skuli yenyewe, mkondo wa mchana umeleta na adha nyengine ambayo asubuhi haikuwapo. Zamani maandalizi walikuwa na chumba chao kwenye banda la zamani, chenye mikeka na picha ukutani. Sasa wanaingia katika chumba kilichoachwa na darasa la tano dakika chache kabla, kikiwa na madawati ambayo mtoto akikaa miguu inaning'inia na ubao ulio juu ya kimo chake. Choo ni kile cha wakubwa, na mjukuu wangu ameniambia analiogopa tundu lake. Basi hujizuia mpaka nyumbani, na siku nyengine hafiki.

Najua uongozi wa skuli haukuamua kwa ubaya. Darasa la sita lina mtihani wa taifa, na skuli hupimwa kwa matokeo hayo. Hakuna anayekuja kuuliza watoto wa maandalizi wamefaulu kwa kiasi gani. Najua pia kwamba maeneo yetu, ambayo utotoni mwangu tukiyaita shamba kwa kuwa yalikuwa minazi na mihogo, leo ni mji mtupu. Kwa sensa ya mwaka 2022 Mkoa wa Mjini Magharibi ulikuwa na watu 893,169 kati ya watu 1,889,773 wa Zanzibar nzima, na watoto wa watu hao wanataka vyumba. Serikali imejenga skuli za ghorofa, na anayesema hakuna kilichofanyika atakuwa hajapita njia hizi.

Pamoja na hayo, uhaba unaweza kugawiwa kwa namna nyengine. Pendekezo langu ni kwamba maandalizi warudi asubuhi, na darasa la tatu na la tano, ambayo si madarasa ya mtihani wa kumalizia, yaingie mchana. Mtoto wa miaka minane au kumi hulistahamili jua la saa saba, huweza kukaa dawatini bila kusinzia na hutembea na wenzake bila kushikwa mkono. Upo ubaya wake, nao nausema mwenyewe kabla sijaambiwa: watoto hao watatoka magharibi ikiwa karibu, na saa zao za chuo zitabidi zihamie asubuhi. Jambo hilo linahitaji walimu wa skuli na walimu wa vyuo wakae kitako pamoja, na sheha ndiye wa kuwakutanisha. Si gumu hivyo. Katika mwezi wa Ramadhani ratiba zote mbili hubadilishwa kila mwaka na hakuna anayeshindwa.

Kwa upande wa Wizara ya Elimu na Mafunzo ya Amali, ombi langu ni kwamba kila linapochorwa jengo jipya la ghorofa, vyumba vya chini kabisa vitengwe kwa ajili ya maandalizi, pamoja na choo cha kimo chao na kiwanja cha mchanga mbele ya mlango, na visigeuzwe ofisi wala ghala mara tu baada ya ufunguzi. Nimewahi kumwona mtoto wa miaka minne akishuka ngazi za skuli kwa makalio, daraja moja baada ya jengine, kengele ya mapumziko imekwisha kulia na wakubwa wanampita mbio.

Mkutano mwengine wa wazazi umepangwa kabla ya muhula huu kufungwa. Nitakwenda na pendekezo hili limeandikwa, na nimeshamwendea yule mama wa "wanacheza tu" nikamwomba, kabla ya siku hiyo, apite darasani saa nane mchana akaangalie mwenyewe. Amekubali kwenda Jumatano.

Mwalimu mstaafu,
Wilaya ya Magharibi B, Unguja