Mke wa talaka rejea asitolewe nyumbani

Mhariri,

Dada yangu alipewa talaka moja kwa ujumbe wa simu, na kabla ya magharibi masanduku yake yalikuwa nje ya mlango. Nimeumia sana. Wanaume wengi wanajua talaka iko mkononi mwao, ila Suratut Talaq, aya ya 1, hawaifikii: mke asitolewe nyumbani ndani ya eda, yaani muda wa kungoja baada ya talaka, isipokuwa akifanya uchafu ulio wazi. Talaka moja ni rejea, yaani mume bado anaweza kumrudia mkewe ndani ya eda bila ndoa mpya. Kwa Mashafii, wafuasi wa madhehebu ya Imam Shafii, mwenye hedhi hukaa eda ya tohara tatu, yaani vipindi vitatu vya usafi baina ya hedhi; mjamzito, mpaka ajifungue. Muda wote huo chakula, mavazi na malazi ni juu ya mume. Masheikh, isomeni aya hiyo siku ya nikahi, bwana harusi akiwa bado ameshikana mkono na walii.

Msomaji wako