"Chumba kimeshachukuliwa": barua kwa mdogo wetu anayefundisha Tabora

Mdogo wetu,

Umetuuliza uanzie wapi kuwafundisha wanafunzi wako wa kidato cha pili na cha tatu habari ya watu wanaonyimwa vyumba kwa sababu ya kabila, dini, ulemavu au walikotoka. Tunakujibu hadharani kwa kuwa swali hili lipo katika kila shule ya kata yenye wanafunzi wanaokaa geto, yaani chumba cha kupanga mbali na wazazi, Kiloleni na Ipuli kama ilivyo Kasulu na Uvinza. Hawa ni watoto wanaoingia kwenye soko la vyumba wakiwa na miaka kumi na minne. Wengine watapanga kwa miaka thelathini ijayo, na wengine watarithi nyumba na kuwa wenye nyumba wenyewe.

Usianze na sheria. Ukianza na ibara za Katiba, watazikariri kwa ajili ya mtihani, kisha watasimama mlangoni kwa mtu, wabaguliwe mchana kweupe, warudi wakisema "tulichelewa, chumba kilikuwa kimeshachukuliwa". Anza na masikio yao.

Mwenye nyumba anayebagua mara nyingi hatamki sababu. Utasikia "kimeshachukuliwa", "mwenye nyumba amesafiri", "nitakupigia", "kile chumba kinavuja, hutakipenda". Kila jibu hapo linaweza kuwa kweli tupu. Ndiyo maana tunataka watoto wasikilize mpangilio wa mazungumzo, wasiishie kwenye maneno. Chukua mfano wa mazungumzo ya simu na dalali. Dalali anayetafuta mteja huuliza kwanza: unataka chumba singo au chumba na sebule, bajeti yako shilingi ngapi, mko wangapi, unahamia lini. Aliyeagizwa kuchuja watu huanza kwingine: jina lako kamili nani? Wewe mtu wa wapi? Unasali wapi? Bei inakuja mwishoni, au haiji kabisa. Weka wanafunzi wawili mbele ya darasa, mmoja dalali na mmoja mteja, na wengine wote waandike maswali kwa namba kadiri yanavyoulizwa. Kisha mteja abadilishe jina tu, dalali apige upya. Darasa lilinganishe orodha mbili. Dakika arobaini za kipindi kimoja zinatosha, na wataanza kusikia wasichokisikia jana.

Kipindi cha pili andaa kadi kumi na mbili, kila moja na jibu moja la mwenye nyumba, wazigawe katika mafungu matatu: sababu ya nyumba, sababu ya mtu, na bado hatujajua. "Chumba ni cha watu wawili, ninyi mko sita" inakwenda fungu la kwanza. "Sipangishi mwanamke asiye na mume" inakwenda la pili bila mjadala. "Hapa uani hatupiki nguruwe" italeta kelele, na kelele hiyo ni nzuri. Hilo ni sharti la jambo linalofanyika ndani ya nyumba, na kama linamhusu kila mpangaji si sawa na kusema "Wakristo hapana". "Nataka kodi ya miezi kumi na miwili" ndiyo kadi ngumu kuliko zote. Kwa chumba cha shilingi 30,000 hiyo ni 360,000 mkononi. Kama wapangaji wote wamelipa hivyo, ni sharti zito lakini halibagui. Kama jirani alilipa miezi mitatu, yaani 90,000, na huyu anadaiwa mwaka mzima baada ya kutaja kwao, basi bei yenyewe imegeuzwa mlango wa kumzuia. Fungu la tatu, la bado hatujajua, lilinde sana. Mwanafunzi anayeona ubaguzi kila mahali atapuuzwa siku atakapokuwa na haki.

Weka pia kadi ya "siandikiani mkataba na mtoto". Hiyo si ubaguzi. Aliye chini ya miaka 18 hana uwezo wa kisheria wa kufunga mkataba, kwa hiyo chumba cha geto kinapaswa kupangwa na mzazi au mlezi, asaini yeye, na nakala ibaki kwake. Tunasisitiza hili kwa sababu nyingine pia. Binti anayejadiliana kodi peke yake na mwanamume mzima yuko hatarini. Mwenye nyumba au dalali anayetaka "tuelewane kwa namna nyingine" na mtoto wa chini ya miaka 18 amevuka habari ya upangaji, ameingia kwenye jinai, na ridhaa ya mtoto haimwokoi. Hapo ni Dawati la Jinsia na Watoto kituo cha polisi, au simu 116 ya watoto. Namba hiyo iandike ubaoni siku ya kwanza na isifutwe.

Sasa jambo la mkoa wetu. Makazi ya wakimbizi ya Ulyankulu yapo Tabora. Warundi waliokimbia mwaka 1972 walipokelewa huko, na vilevile katika makazi ya Katumba na Mishamo, Katavi. Baadaye serikali ilifungua njia ya uraia, na watu wapatao 162,000 wa makazi hayo walipewa uraia wa Tanzania. Vyeti vilianza kugawiwa 2014. Watoto wao wamo darasani mwako. Wanaambiwa "rudini kwenu" wakiwa kwao. Ibara ya 17 ya Katiba inampa kila raia haki ya kwenda na kuishi popote katika Jamhuri ya Muungano, na haimwulizi kama babu yake alivuka Malagarasi kwa mguu.

Hofu ya mwenye nyumba nayo ieleze kwa haki. Kumhifadhi mhamiaji haramu ni kosa, na watu wa Kigoma na Tabora wanalijua hilo vizuri kwa sababu misako inawafikia. Mwenye nyumba anaruhusiwa kujua anampangisha nani. Dawa yake ni moja: aombe kitambulisho kilekile kwa kila anayekuja. Akimwomba mmoja Kitambulisho cha Taifa na mwingine asimwombe kwa sababu ana "sura ya hapa", amehama kwenye tahadhari, ameingia kwenye ubaguzi. Akiletewa kitambulisho na bado akauliza "lakini baba yako alizaliwa wapi", kadi hiyo ni ya fungu la pili.

Kwa ulemavu, wafundishe kupima, maana hapo hoja nyingi hufa kwa namba. Mwenye nyumba anasema "ngazi zitakusumbua". Pimeni ngazi. Kipimo kinachokubalika cha mteremko wa kiti cha magurudumu ni sentimita moja ya kupanda kwa sentimita kumi na mbili za urefu. Kizingiti cha sentimita 15 kinahitaji mteremko wa sentimita 180, kazi ya nusu siku ya fundi. Wanafunzi wakapime mlango wa darasa lao wenyewe kwa futi ya fundi, wachore, wakokotoe. Kwa mwenye ualbino jibu la kawaida ni "sitaki matatizo nyumbani kwangu". Hatari hiyo ni ya kweli huku kwetu, hatuifichi. Lakini mlango wa chuma, taa ya uani, na mwenyekiti wa mtaa anayejua nani anaishi wapi vinaipunguza. Kumfukuza anayewindwa hakuipunguzi, kunaihamishia tu kwenye nyumba dhaifu zaidi.

Njia ya uhakika ya kutoa kadi kwenye fungu la bado hatujajua ni kulinganisha. Marekani walipitisha sheria ya kuzuia ubaguzi wa makazi Aprili 1968, siku saba baada ya Martin Luther King kuuawa, na kuithibitisha wakatumia wapimaji: watu wawili wenye kipato kilekile na mahitaji yaleyale, tofauti yao ni moja tu, waulize nyumba ileile. Mwaka 1982 Mahakama ya Juu ya huko ilikubali kwamba mpimaji aliyedanganywa kuwa hakuna nyumba anaweza kushtaki, hata kama hakuwa na nia ya kupanga. Hapa kwetu kanuni hiyo itumike kwa uangalifu. Usimtume mtoto, na kamwe usimtumie mwanafunzi mwenye ualbino au mwenye ulemavu kama chambo. Watu wazima wawili wapige simu, wapishane saa moja au mbili, waulize maneno yaleyale kwa mpangilio uleule. Ikipita siku nzima kulinganisha kumekufa, kwa sababu chumba kinaweza kuwa kimepangishwa kweli.

Sheria ije kipindi cha tatu, na iseme ukweli wake wote. Ibara ya 13 ya Katiba inaeleza kubagua kwa kutaja utaifa, kabila, mahali mtu alipotoka, maoni ya kisiasa, rangi, dini, jinsia na hali ya maisha. Huo ni ufunguo mzuri wa kupimia kadi. Lakini katazo la ibara hiyo limeelekezwa kwa wenye mamlaka na wanaotekeleza shughuli za nchi. Kwa mtendaji wa mtaa anayekataa kumwandikia mtu barua ya utambulisho kwa sababu ya kabila, linamgonga moja kwa moja. Kwa mwenye nyumba binafsi njia ni ndefu zaidi. Waambie hivyo. Mtoto aliyeahidiwa ushindi rahisi akiukosa mara moja hatarudi tena. Penye sheria mahususi pana nguvu zaidi: Sheria ya UKIMWI ya 2008 inakataza unyanyapaa na ubaguzi kwa wanaoishi na virusi, na Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya 2010 inakataza ubaguzi kwa sababu ya ulemavu.

Mahali pa kwenda wasipachanganye. Mwenyekiti wa mtaa ni wa kwanza, maana mwenye nyumba anamheshimu na mengi huishia kwake. Aliyekwisha kupanga na akaanza kunyanyaswa, amekatiwa umeme au amebadilishiwa kodi peke yake, ana mgogoro wa upangaji. Baraza la Kata litajaribu kusuluhisha, kwani tangu marekebisho ya 2021 halitoi tena hukumu, na likishindwa kuna Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya. Aliyenyimwa kabla ya kupanga hana mkataba wa kupeleka huko. Huyo aandike barua kwa Tume ya Haki za Binadamu na Utawala Bora, na amwone msaidizi wa kisheria, ambaye anatambuliwa na Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2017 na hatozi pesa.

Kote huko wataulizwa kitu kimoja, maandishi. Kila mwanafunzi awe na ukurasa wenye tarehe, saa, mtaa, nani alisema, maneno yenyewe, bei iliyotajwa na nani mwingine alisikia. "Alinibagua" halimsaidii mtu yeyote. "Alisema: nyumba hii sipangishi Waha" linasaidia. Kuandika kuwe siku hiyohiyo kabla ya kulala, kwa sababu kesho yake kumbukumbu inaongeza chumvi. Na wasikimbilie kumweka mtu kwenye status ya WhatsApp kwa jina na picha ya nyumba. Wataonekana wao ndio wakosaji, na wapangaji wengine waliokuwa tayari kutoa ushahidi watanyamaza.

Kipindi cha nne ni mdomo. Mtoto wa Tabora amelelewa asibishane na mkubwa, na hatukuombi uondoe adabu hiyo. Ajifunze kuuliza akiwa ndani yake: "Shikamoo mzee. Naomba unisaidie, chumba kimepangishwa tayari, au kuna sharti ambalo mzazi wangu hajalitimiza?" Swali hilo lina heshima na linadai jibu. Lisemwe kwa sauti ya kawaida, macho yasiangalie chini, mikono isishike kichwa. Anayeigiza mwenye nyumba asikubali haraka. Akatae mara mbili, mara ya pili kwa ukali. Mwanafunzi aseme "ahsante mzee", atoke nje ya darasa, akae kwenye kibaraza, na aandike.

Sisi kaka na dada zako