Barua ya wazi kwa wanafunzi wa Mwanza mnaopanda basi la Mlimani

Wajukuu zangu, mwangaluka.

Jumapili iliyopita tulikuwa hapa Igoma kuwaaga watoto watano wa mtaa wetu waliochaguliwa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Palikuwa na wali, sato wa kukaanga, soda kreti tatu, sala, na nasaha za mwenyekiti wa mtaa zilizokuwa ndefu kuliko sala. Nilipoingia jikoni kutafuta maji nikamkuta mjukuu wangu ameinamia simu, uso umemkaza kama aliyemeza mwiba. Akanipa nisome.

Kumbe mna kundi lenu la WhatsApp la kuwakaribisha wapya wa nyumbani. Jambo jema. Humo ndani mtu ametengeneza orodha ya mabinti wa Mwanza wanaoanza mwaka wa kwanza: jina, shule aliyotoka, picha iliyochotwa kwenye ukurasa wake, na alama juu ya kumi. Chini ya picha ya mjukuu wangu kuna maneno ambayo mkono wangu haukubali kuyaandika. Na chini ya maneno hayo, vicheko arobaini na kitu.

Nikatoka nje na simu mkononi. Kijana wa mwaka wa tatu, ambaye muda ule alikuwa anachambua miiba ya sato wangu, nikamuuliza, hii ni nini? Akanijibu kwa adabu zote, amesimama, mikono nyuma: "Babu, usichukulie vibaya. Ni mila za chuo. Mlimani kila mtu anapitia. Enzi zenu si ilikuwepo Punch, yale maandishi ya ukutani?"

Mila za chuo! Sijalala vizuri tangu siku hiyo. Nimefundisha historia sekondari miaka 34, na mtu akinitajia mila asiyoijua mwanzo wala mwisho wake, mwili unaniwasha. Basi kaeni, hata wewe mla sato.

Chuo hicho kilianza Oktoba 1961, wiki chache kabla ya Uhuru, katika jengo la TANU Mtaa wa Lumumba. Kilikuwa na kitivo kimoja tu, cha sheria, na wanafunzi ambao leo wasingetosha kuijaza Hiace moja ya Igoma na Buhongwa. Shahada zilikuwa za London. Mwaka 1963 kikawa sehemu ya Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki, pamoja na Makerere na Nairobi. 1964 kikahamia kwenye kile kilima nje ya mji, ndiyo maana mpaka kesho tunasema Mlimani. Na Julai 1, 1970 kikasimama chenyewe. Mkuu wa Chuo akawa Mwalimu Nyerere, mtoto wa Butiama. Makamu Mkuu wa kwanza akawa Pius Msekwa, mtoto wa Ukerewe. Kwa hiyo msiende kule mmejikunyata kama wageni. Ziwa lilikuwapo tangu siku ya kwanza.

Lilikuwapo pia kwa njia nyingine, na hapa ndipo mnaponiudhi zaidi. Chuo kile mtu hakukilipia ada kutoka mfukoni kwa babake. Kililipiwa na serikali, na serikali ya wakati ule ilipata wapi? Katani, kahawa, na pamba yetu. Baba yangu alikuwa anapanda pamba, anaipalilia, anaichuma akiwa ameinama, kisha anaitia kwenye magunia na kuipeleka chama cha msingi chini ya VFCU, ule muungano wa ushirika wa Paul Bomani uliokuwa na makao yake hapa Mwanza. Akipewa malipo, makato yameshapita. Hakuwahi kuuona Ukumbi wa Nkrumah wa hapo Mlimani isipokuwa nyuma ya noti ya shilingi 500, kabla sarafu haijaja, na nilipomwonyesha akauliza kama ni ghala.

Mwalimu alikuwa na mfano wake kwa wasomi, nadhani hamfundishwi tena. Kijiji kina njaa. Wanakijiji wanakusanya chakula chote kilichobaki wanampa kijana mmoja ale, apate nguvu za kwenda mbali kuleta chakula kingine. Yule kijana akila asirudi, Mwalimu alimwita msaliti. Sasa mimi naongeza langu: na akila kisha nguvu zile akazitumia kupanga mabinti wa kijiji hichohicho kwa alama juu ya kumi, tumwiteje?

Mnataka mila? Mila zipo, tena nzito. Oktoba 1966 wanafunzi walivaa majoho yao wakaandamana mpaka Ikulu kupinga kulazimishwa kwenda Jeshi la Kujenga Taifa. Wengine walibeba bango la kusema afadhali ukoloni. Mimi nawaona walikosea, tena vibaya. Mwalimu akawasikiliza, akakasirika, akapunguza mshahara wake mwenyewe na wa mawaziri, na wao akawarudisha makwao, karibu 400. Lakini angalieni walivyokosea: mchana, nyuso wazi, mbele ya mtu mwenye nguvu kuliko wao. Miaka michache baadaye ukaja wakati wa akina Walter Rodney, mwanahistoria wa Guyana, kufundisha pale, na wanafunzi waliokuwa na gazeti lao, Cheche, mpaka likafungiwa 1970. Mwaka 1971 rais wa wanafunzi, Symonds Akivaga, Mkenya, aliandika barua ya wazi kuukosoa utawala wa chuo. Jina lake chini. Alikamatwa akarudishwa Kenya, na wenzake wakagoma kwa ajili yake.

Hiyo ndiyo mila ya Mlimani niijuayo. Unasema, unaweka jina lako, na unayemsema ana uwezo wa kukuumiza.

Punch nayo ilianza kwa kufanana na hayo, sikatai. Mzee Punch hakuwa mtu, au alikuwa watu wasiojulikana. Usiku yanabandikwa ukutani maandishi na michoro, asubuhi watu wamejazana wanasoma na kucheka. Alisemwa mhadhiri mvivu, akasemwa kiongozi mwenye kujikweza. Katika nchi ya chama kimoja, mahali pa kumcheka mkubwa hapakuwa pengi, na watu wa rika langu ukiwagusa kuhusu Punch ya mwanzo bado wanatabasamu. Lakini mtu aliyejificha hachelewi kugundua kwamba mkubwa anaweza kumsaka, na mnyonge hawezi. Fimbo ikageuka. Ikawa inawaandama wasichana, hasa aliyemkataa mtu, hasa mgeni, hasa asiyekuwa na wa kumtetea. Na wasichana wenyewe walikuwa wachache mno. Novemba 1974 chama kilikaa hapo Musoma kikaazimia kwamba kabla ya chuo kikuu lazima mtu akafanye kazi kwanza. Mabinti wakapungua hadi ikabidi wao walegezewe sharti. Kila msichana aliyefika Mlimani miaka ile alikuwa amevuka mito mingapi. Ndio hao waliogeuzwa mchezo wa ukutani.

Februari 1990, mwanafunzi mmoja wa kike, baada ya kuandamwa na Punch, alijiua. Sitaandika jina lake. Lilishaandikwa vya kutosha na watu wasioandika ya kwao. Punch ikapigwa marufuku. Hapo ndipo ilipoishia ile "mila" uliyonitajia, kijana, ukiwa na mafuta ya samaki midomoni. Iliishia kaburini. Wewe umeokota jina bila habari yake.

Nawaambia haya si kwa sababu nilikuwa mwema. Sikusoma Mlimani. Nilisoma chuo cha ualimu ambacho sitakitaja, na sisi tukaiga, maana habari za Punch zilitufikia na tulitaka tuonekane wasomi. Mwanzoni mwa miaka ya 80 nilimwandikia barua binti mmoja wa visiwani. Akanijibu kwa heshima kwamba amekuja kusoma. Usiku nikachukua karatasi ya manila na kalamu nene, nikaandika juu ya meno yake na kijiji chao, nikabandika kwenye mlango wa bwalo. Asubuhi walicheka sana. Nami nilicheka, nikauliza kwa sauti, "Jamani, nani kaandika?"

Yule binti hakukanyaga bwaloni wiki tatu. Alikuwa anakula michembe, vile vipande vya viazi vitamu vilivyokaushwa, aliyotoka nayo kwao, mikavu, kitandani. Mwenzake wa chumba ndiye aliyetuambia, na tukacheka tena. Mimi nilijua, nikanyamaza.

Miaka mingi baadaye nilikutana naye kivuko cha Kamanga, wote tuna mvi, yeye ameshika mkono wa mjukuu. Nikamwomba tusogee pembeni. Nikaanza kueleza, hakuniacha nimalize. "Mwandiko wako niliujua asubuhi ileile," akasema. "Herufi g ulikuwa unaivuta mkia." Hakuwahi kunishtaki. Aliniuliza swali moja tu: "Una mabinti?" Nikasema wanne. Akaitikia kwa kichwa, kivuko kikapiga honi, akaenda.

Msije mkaniambia kwamba Wasukuma nasi tuna kejeli zetu. Tunazo, na nazipenda. Nendeni Bujora mwezi wa sita muwaone Wagika na Wagalu, yale makundi mawili ya ngoma yanayoshindana. Manju, kiongozi wa ngoma, atamsema mwenzake, atazisema dawa zake, atawasema wachezaji wake, watu wanalia kwa kicheko. Lakini anayesemwa yupo hapohapo uwanjani na ngoma yake, na zamu yake ya kujibu inakuja. Nani kati yenu alimpa mjukuu wangu ngoma? Mlimwingiza kwenye kundi saa nne usiku akiwa peke yake, wenzake hajawajua hata kwa sura.

Mengine nayapitia haraka, maana basi halisubiri. Boom, ile pesa ya mkopo ya kujikimu, likiingia, lipia kwanza chakula na usafiri. Bodi ya Mikopo itakudai ukiwa na watoto. Usiishi kwa desa, zile notisi za kunakiliana, soma kitabu chenyewe; ile maktaba mpya iliyofunguliwa 2018 haikujengwa mkapigie picha. Ukisapu, yaani ukitakiwa kurudia mtihani, sema nyumbani. Ukikosa kitanda ukalala kwa mwenzako, mnavyosema kubebwa, bebwa kwa adabu, usimgeuze mwenyeji wako mpangaji. Piga simu kwa mama. Na anayesoma kemia asidharauliwe na wa sheria: John Magufuli alifundisha Sengerema hapo ng'ambo, akafanya kazi ushirika wa Nyanza hapahapa mjini, akarudi Mlimani hata baada ya kuwa waziri, akachukua udaktari wa kemia kwa utafiti wa maganda ya korosho.

Nasi wazazi tusijifiche nyuma ya vijana. Pale Jumapili nilipopandisha sauti, mzee mwenzangu mmoja alinivuta shati: "Mwalimu, ni utoto tu, usiharibu shughuli." Mama mmoja akasema binti naye apunguze kuweka picha. Angalieni: orodha imetengenezwa na mvulana, anayeambiwa ajirekebishe ni msichana. Tumewalea hivi. Tunawasindikiza mabinti kwa vitenge na nasaha kuhusu wanaume, na wavulana tunawasindikiza kwa laptopu bila neno. Kisha tunasikia habari za rushwa ya ngono vyuoni tunashangaa zimetoka wapi, kana kwamba mhadhiri anayemdai binti mwili wake ili afaulu alishushwa na mvua. Na yeye alikuwa kijana wa mwaka wa tatu, aliyeambiwa ni utoto tu. Sheria ya rushwa ya 2007 inalitaja kosa lake, na sheria ya makosa ya mtandao ya 2015 inalitaja kosa lenu. Nimezisoma zote mbili wiki hii, kwa miwani ya kuazima.

Siendi polisi. Kwa sasa. Ninachotaka ni hiki: orodha ifutwe, na aliyeiandaa ajitokeze kwenye kundi hilohilo kwa jina lake kamili, awaombe radhi wale mabinti mmoja mmoja. Wale waliocheka, wenye simu zao, nao wanajijua. Na mabinti, ikitokea tena kule, msile michembe kitandani. Chuo kina dawati la jinsia, kina serikali ya wanafunzi. Nendeni wawili wawili, mkiwa na picha ya kilichoandikwa kabla hakijafutwa.

Mjukuu wangu anasafiri Alhamisi alfajiri, stendi ya Nyegezi. Nimeambiwa nawe, mla sato, una tiketi ya basi hilohilo. Nitakuwepo saa kumi na moja kasoro. Bibi yenu amekausha michembe mingi mwaka huu, nimefunga mifuko miwili. Mmoja ni wako. Njoo uuchukue mkononi mwangu, huku unaniangalia.

Babu yenu,
Mwalimu mstaafu, Igoma, Mwanza