Klachi Inateleza? Tuonyeshe Kwanza Chupa ya Oili

Wateja wengi wenye pikipiki za porini, hasa Yamaha DT125, AG100 na Honda XL, hufika karakana wakiwa tayari wamenunua pleti mpya za klachi. Malalamiko ni yale yale: ukiongeza resi injini inapiga kelele, mwendo hauongezeki. Kabla hatujafungua kava tunauliza uliweka oili gani, halafu tunaukamata mkono wa klachi. Si mara moja pleti hizo zimerudishwa dukani zikiwa kwenye pakiti.

Klachi ya pikipiki hizi imelowa oili muda wote, tofauti na ya gari dogo la gia za mkono, ambayo ni kavu. Oili nyingi nyepesi za magari, kama 5W-30, zimetiwa dawa ya kupunguza msuguano ili gari lisile mafuta. Injini ya gari inaipenda. Klachi ya pikipiki inashika kwa msuguano huo huo, kwa hiyo inateleza, inapata moto, pleti zinaungua. Geuza chupa usome nyuma. Ukiona alama ya API (kiwango cha Kimarekani cha oili) imeandikwa Resource Conserving au Energy Conserving, hiyo waachie wenye magari. Tafuta JASO MA au MA2, alama ya kiwango cha Kijapani cha oili za pikipiki zenye klachi iliyolowa. JASO MB ni ya skuta ambazo klachi yake haikai kwenye oili.

DT na AG zina mkanganyiko wake. Hizi ni za tu-stroku: oili ya 2T inaungua pamoja na petroli na haifiki kwenye gia kabisa; gia na klachi zina oili yao peke yake. Fundi akisikia "oili ya giaboksi" anachota ya difu, SAE 90 au hata 140. Namba hizo zisikutishe: oili za gia zina kipimo chao, na SAE 90 ya gia uzito wake unakaribia SAE 40 au 50 ya injini. Tatizo la 90 ni dawa zake, hasa ikiwa GL-5 (daraja la oili ya difu yenye dawa nyingi), kwa sababu hazikutengenezwa kwa ajili ya klachi. Hiyo 140 ndiyo nzito kweli: asubuhi pleti zinagandana, gia inaingia kwa kishindo, na nyutro utaitafuta mpaka uchoke.

Sisi tunaweka 10W-30 au 10W-40 ya pikipiki yenye JASO MA. Giaboksi ya DT au AG inachukua chini ya lita moja, kwa hiyo ya bei ya kawaida inayobadilishwa mapema tunaiona bora kuliko sintetiki ya bei mbaya inayokaa mwaka mzima.

Oili ukiimwaga, iangalie. Ikiwa nyeupe kama chai ya maziwa, maji yameingia, pengine ulipovuka mto. Ikinuka kuungua, pleti ndizo zinazoungua. Na kama DT inatoa moshi mweupe mzito huku oili ya giaboksi ikipungua bila kuvuja nje, sili ya krenki upande wa klachi imekwisha: injini inaivuta oili ya gia na kuichoma. Hapo pleti mpya hazitasaidia kitu.

Sasa mkono wa klachi. Nchani unatakiwa ucheze milimita 10 hadi 20 kabla ya waya kukaza. Waya ukikazwa mno, klachi haibani sawasawa, ni sawa na kuendesha umeishika nusu. Vidole vinavyolala kwenye mkono huo njia nzima vinafanya vivyo hivyo. Ukitoka Mombo kupandisha Soni na mzigo, shuka gia mapema. Usiibembeleze klachi kwa gia ya tatu. Mwenye kupanda milima kila siku na mzigo tunamshauri aongeze meno mawili matatu kwenye sproketi ya nyuma. Spidi ya lami itapungua kidogo.

Pleti zikiwa zimekwisha kweli, tunapima springi pia, maana springi iliyofupika itaua pleti mpya. Pleti za chuma zilizogeuka rangi ya bluu hazirudi. Tunakagua pia kama nyumba ya klachi imechimbika pale meno ya pleti yanapogonga, kwani pleti zikinasa hapo klachi haiachii vizuri. Pleti mpya tunaziloweka kwenye oili kwanza, kwa hiyo usishangae tukikuambia uiache pikipiki mpaka kesho.