Vifaa vya glezi, Jumamosi
Habari zenu wafinyanzi. Jumamosi hapa Ujiji tunapaka glezi, ule mchanganyiko unaoyeyuka tanurini na kuwa ngozi ya kioo juu ya chungu, kwa hiyo kila mtu aje na brashi laini ya inchi 2. Ya manyoya ya mbuzi ndiyo bora. Ile ngumu ya kupakia ukuta inaacha michirizi ambayo hata moto hauifuti. Tutapaka mikono mitatu, yaani matabaka, kila mmoja ukikatiza uliotangulia, baada ya ule wa chini kukauka. Wenye sanamu ongezeni brashi nyembamba, maana glezi ikijaa kwenye mikunjo huchemka na kutiririka. Sponji msisahau kabisa: kitako na milimita 3 juu yake lazima vifutwe, la sivyo chungu kinagandana na rafu ya tanuri. Chujio la glezi, la matundu 80 kwa inchi, ninalo. Barakoa pia, tafadhali. Vumbi la silika, madini ya mchanga yaliyomo kwenye glezi, linaharibu mapafu.