Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti: Mapenzi na Mali katika Riwaya Tulizosoma

Ndugu wanachama,

Mkutano mkuu uliopita uliagiza tusome riwaya za zamani ambamo fedha huingilia mapenzi. Agizo limetekelezwa, ingawa Washington Square ya Henry James tumeiacha katikati.

Tulianza na Pride and Prejudice ya Jane Austen (1813). Darcy, kijana tajiri asiyeoa, hajamaliza hata dakika tano katika ukumbi wa dansi, tayari habari za kipato chake cha pauni 10,000 kwa mwaka zimezagaa. Charlotte Lucas, mwenye umri wa miaka 27, alichekwa sana kwetu kwa kukubali kuolewa na Collins, kasisi asiyempenda. Kicheko kilipungua tulipoangalia Longbourn, mali ya familia jirani ya Bennet: mabinti watano wa Bennet hawairithi, inakwenda kwa ndugu yao wa kiume, Collins huyohuyo. Isitoshe, sheria iliyomwezesha mke wa Kiingereza kumiliki mali yake mwenyewe kikamilifu ilipitishwa 1882. Kwa msichana asiye na urithi, kuolewa ndiko kulikokuwa riziki. Charlotte anajua anachopata na anachotoa, wala hamdanganyi rafiki yake Elizabeth kuhusu hilo. Mimi siuiti huo uroho.

Madame Bovary ya Flaubert (1857) ilizua ubishi mkubwa zaidi. Emma Bovary, mke wa mganga, hamtaki hawara yake Rodolphe kwa ajili ya fedha. Yeye ndiye anayemnunulia zawadi, tena kwa mkopo wa mfanyabiashara Lheureux. Ila penzi analoliota haliji bila hariri na mazulia. Deni linapoiva anamwomba Rodolphe faranga 3,000, naye anajibu hana. Muda si mrefu Emma anakula sumu.

Katika The Great Gatsby ya Fitzgerald (1925), lawama zote zilimwangukia Daisy, aliyependwa na Gatsby lakini akaolewa na tajiri mwingine, na hapo nilipinga. Gatsby mwenyewe ndiye anayesema sauti ya Daisy imejaa fedha. Tangu siku ya kwanza alishangazwa na nyumba ya akina Daisy kama alivyovutiwa na binti mwenyewe, lakini hata siku moja hajitenganishii hayo mawili. Ndiyo maana namwona Charlotte kuwa mkweli kuliko Gatsby.

Hesabu za chama atazisoma mweka hazina.

Kwa mwaka ujao, kamati inapendekeza Eugénie Grandet ya Balzac (1833): binti wa bahili anampa binamu yake dhahabu yake yote. Wenye pendekezo jingine walifikishe kwa katibu kabla ya kura.